Fukusi wa pamba: mdudu anayekulia ndani ya ua lisilofunguka (uzi mrefu, wakulima wa pamba karibuni)

#1 Msafiri wa Malampaka

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi ni dereva wa lori, mwaka wa tisa sasa niko Marekani, ila nimezaliwa na kukulia kwenye pamba, Maswa. Ada yangu ya shule, sare, hata bati la nyumba ya mama, vyote vilitoka kwenye pamba. Kwa hiyo nikiona shamba la pamba popote duniani moyo unashtuka kidogo.

Wiki mbili zilizopita nilishusha mzigo kusini mwa Alabama, kwenye mji mdogo unaoitwa Enterprise. Katikati ya mji, pale barabara zinapokutana, kuna sanamu ya mwanamke mwenye vazi refu, mikono kainyoosha juu, kabeba kitu. Kwa mbali nilidhani ni taji. Nikasogea. Kabeba mdudu! Mdudu mweusi mkubwa, mwenye mdomo mrefu kama mkonga.

Nilisimama pale hadi polisi akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, naangalia huyo mdudu. Akacheka, akanieleza kisa chote, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata. Leo nakiweka hapa, kwa sababu kuna jambo baba yangu alinilazimisha kulifanya kila mwaka nikiwa mdogo, nikilichukia sana, na sikulielewa mpaka niliposimama chini ya sanamu ile.

Nianze na mdudu mwenyewe.

Ni mbawakavu wa ukoo mmoja na fukusi wanaotoboa mahindi yetu ghalani, wenye ile pua ndefu. Jina lake la kitaalamu ni Anthonomus grandis. Mswidi mmoja, Carl Boheman, ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1843, kutokana na mdudu aliyetoka Veracruz, Mexico. Neno "grandis" maana yake ni mkubwa, lakini usitishike: urefu wake ni milimita 6 hivi, na karibu nusu ya urefu wa mwili wake ni huo mdomo. Rangi yake ni kijivu au kahawia.

Mdomo ule ndio silaha yake. Meno madogo yako kwenye ncha. Jike analitafuta tumba la ua la pamba, lile bado changa, limefungwa, limezungukwa na yale majani matatu yaliyochongoka. (Huku kwetu tunaita kila kitu kitumba, ua na tunda. Hapa nitasema tumba kwa ua ambalo halijafunguka, na kitumba kwa tunda lenye nyuzi.) Anatoboa kishimo, anageuka, anataga yai moja tu ndani, kisha anaziba kwa ute wake. Ukiangalia kwa makini unaona kichunjua kidogo juu ya tumba. Basi. Hapo kazi ya mama imekwisha, anahamia tumba jingine. Jike mmoja hutaga mayai kama 200 maishani mwake, na kwa kawaida tumba moja anaweka yai moja.

Baada ya siku tatu hadi tano yai linaanguliwa. Buu ni jeupe, limejikunja kama herufi C, kichwa cha kahawia, halina miguu hata mmoja. Miguu ya nini? Limezaliwa ndani ya chakula. Linakula chavua na moyo wote wa ua kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Ule mmea nao unajua kwamba tumba hili limeharibika. Yale majani matatu yanafunguka kwa nje kama mikono, yanageuka njano, na tumba linaanguka chini. Buu linaendelea kula humohumo chini, linaingia hatua ya bundo, ile ya kulala na kujigeuza, kisha fukusi kamili anatoboa ukuta na kutoka. Tangu yai hadi mdudu mzima ni wiki tatu hivi. Hesabu msimu mmoja wa pamba una wiki tatu ngapi.

Kwa hiyo ua lile halikuwahi kufunguka hata siku moja. Nyuki hakulifikia. Ndani yake alilelewa mtoto wa mtu mwingine.

Nitaendelea. Simu inaita kwa msimamizi wa mizigo.

#2 Kidumu

Nimeweka kambi hapa mkuu. Endelea.

#3 Ng'wana Meatu

Kaka Msafiri, shikamoo ya kutoka Mwanhuzi. Mimi ni mkulima, mwaka huu nina ekari sita za pamba. Swali langu ni la kawaida tu: kwa nini wasipige dawa? Huku sisi funza wa vitumba akitokea tunachukua bomba la mgongoni, tunapiga, siku inayofuata unawaona wamelegea. Wamarekani wana ndege na pesa. Walishindwaje na mdudu wa milimita 6?

#4 Msafiri wa Malampaka

Marahaba mdogo wangu, Mungu akubarikie mavuno.

Swali lako ndilo lenyewe. Rudi kwenye kile nilichoeleza. Yai liko wapi? Ndani ya tumba. Buu? Ndani. Bundo? Ndani. Hatua tatu kati ya nne za maisha yake zimefungiwa kwenye ukuta wa mmea. Dawa ya kunyunyiza inagusa juu ya jani, haimfikii. Ukipiga leo unaua wazazi walio nje, keshokutwa wanatoka wengine waliokuwa ndani wakati unapiga. Siku nne tu baada ya kutoka, jike naye anaanza kutaga. Ili uwashike inabidi upige kila baada ya siku nne au tano, mfululizo. Nani mwenye mfuko huo?

Walijaribu, na walijaribu sana. Fukusi alivuka mto Rio Grande kutoka Mexico, akaonekana Brownsville, Texas, karibu na mwaka 1892. Kila mwaka akawa anasogea kati ya kilomita 60 na 250 hivi. Louisiana aliingia 1903, Mississippi 1907, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikuwa ameshafika karibu kila mahali penye pamba hadi bahari ya Atlantiki. Kule Georgia mwaka 1914 walivuna marobota milioni 2.8. Mwaka 1923 walipata marobota 600,000. Miaka tisa tu! Na ile pamba maarufu ya nyuzi ndefu ya visiwa vya South Carolina na Georgia, iliyokuwa ikipendwa na viwanda vya Ulaya, ilitoweka kabisa. Ilikuwa inachelewa kukomaa, na kwa fukusi kila wiki ya kuchelewa ni kizazi kingine.

Wakulima waliwatuma watoto kuokota matumba yaliyoanguka, ndoo kwa ndoo, wayachome. Watu walitembea usiku na nyumbu wakipuliza unga wa sumu ya aseniki wakati umande bado uko kwenye majani ili ushike. Usiku, na aseniki, bila kitambaa puani. Mwaka 1922, pale Tallulah, Louisiana, kituo cha serikali kilianza kujaribu kumwaga unga huo kwa ndege. Kampuni moja ikaundwa kwa kazi hiyo ya kumwagia pamba dawa, na mwaka 1928 ikabadilika jina ikawa Delta Air Service. Ndiyo, hiyo Delta ya ndege za abiria mnayoiona leo. Imezaliwa na fukusi.

Baada ya vita kuu ya pili zikaja dawa za aina ya DDT. Zilifanya kazi miaka michache. Katikati ya miaka ya 1950 fukusi wa Louisiana wakawa wanazinywa kama maji. Wakahamia dawa kali zaidi, na hapo ndipo Ng'wana Meatu usikilize vizuri: dawa hizo ziliua pia buibui, nyigu na wadudu wote waliokuwa wanakula mayai ya funza. Kwa hiyo ukipiga fukusi, mwezi unaofuata funza wa vitumba wanafumuka kuliko mwanzo. Unapiga tena. Mkulima anaishi na bomba.

#5 Bwanashamba Mstaafu

Nimefanya kazi ya ugani kwenye pamba miaka 31, Shinyanga na baadaye Simiyu. Huyu mdudu tulifundishwa chuoni kama mdudu wa karantini, yaani yule ambaye hayupo Afrika na haitakiwi aingie. Tulichorewa picha tu. Nashukuru sana kwa uzi huu.

Naomba niongeze jambo ambalo linagusa kazi yangu moja kwa moja. Mwaka 1903 mzee mmoja aitwaye Seaman Knapp alianzisha shamba darasa kwenye shamba la mkulima huko Terrell, Texas. Wazo lake lilikuwa rahisi: mkulima haamini anachoambiwa, anaamini anachokiona kwenye shamba la jirani. Fukusi alipozidi kutisha, mwaka uliofuata serikali ikampa fedha aeneze mashamba hayo. Panda mapema, chagua mbegu inayokomaa haraka, palilia, vuna upesi, haribu miti baada ya mavuno. Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho. Mwaka 1906, kutoka chuo cha Tuskegee, Alabama, Thomas Campbell akawa afisa ugani wa kwanza Mweusi, akizunguka vijijini na gari la kuvutwa na nyumbu lililojaa zana na mbegu. Mwaka 1914 ugani ukawekwa kwenye sheria ya nchi nzima.

Ninyi vijana mnaotuita bwana shamba mnadhani kazi hii ilianzia ofisini. Mdudu huyo alikuwa na mkono wake katika kuianzisha. Nilivyosoma hilo mara ya kwanza nilijisikia heshima ya ajabu, kwa sababu nami nilitembea kwa baiskeli nikisema maneno yaleyale: panda mapema, haribu masalia.

#6 Mchunga Ng'ombe

Mzee Bwanashamba, kwa heshima yako yote, hapo kwenye kuharibu masalia ndipo mlitukosea. Mimi nina ng'ombe. Miezi ya kiangazi nyasi hakuna, miti ya pamba ndiyo inabaki na majani, ng'ombe wanakula. Mke wangu anapata kuni. Mnakuja na mgambo mnasema ng'oa, choma. Mwaka mmoja nilipigwa faini wakati bado ninadai malipo ya pamba yangu kwa mnunuzi ambaye simtaji. Hebu niambieni, huyo mdudu hayupo hapa, mnatuchomesha kwa nini?

#7 Msafiri wa Malampaka

Kaka Mchunga, hoja yako ina uzito na siwezi kukubeza. Mimi mwenyewe nilichukia ile kazi. Kiangazi, jua la saa saba, mikono imechubuka, kung'oa miti iliyokauka kama chuma. Baba alikuwa anasimama kwenye kichuguu anahesabu mistari. Ukiacha hata miti kumi anarudisha nyuma. Nilidhani ni ukali tu wa wazee.

Sasa nikueleze nilichokisoma halafu wewe upime.

Mwaka 1959 wataalamu wawili, Brazzel na Newsom, walionyesha fukusi anavyopita majira ya baridi. Anajificha kwenye majani makavu kando ya misitu, analala, hali kitu miezi kadhaa. Lakini ili alale salama lazima kwanza anenepe. Mwishoni mwa msimu anahitaji wiki mbili tatu za kula matumba na vitumba ili ajaze mafuta mwilini. Asiyepata mafuta hayo anakufa kabla ya masika.

Ukishalijua hilo, unaona mlango. Huwezi kumfikia ndani ya tumba. Lakini unaweza kumnyima chakula cha mwisho. Vuna mapema, haribu miti yote, na yule aliyebaki unampiga dawa wakati anatafuta pa kulala. Masika yakifika wanaamka wachache mno.

Ila kuna sharti moja, na hapo ndipo nilimkumbuka baba: lazima wafanye wote. Fukusi anaruka. Ukiharibu miti yako ekari mia na jirani akaacha ekari mbili zimesimama, ekari zile mbili zitawanenepesha fukusi wa kata nzima. Ndiyo maana Wamarekani walipoamua kumfuta kabisa, hawakuacha iwe hiari ya mtu mmoja mmoja. Majaribio ya kwanza makubwa yalifanyika mpakani mwa North Carolina na Virginia mwaka 1978. Wakulima wa eneo walipiga kura. Kura ikipita, kila mwenye pamba anachangia na kila shamba linaingia, upende usipende. Sehemu kubwa ya gharama wakulima walijilipia wenyewe.

Na mitego. Hii nimeiona kwa macho yangu Texas, kando ya barabara: vijiti vyenye kikopo cha kijani-njano juu. Dume la fukusi hutoa harufu ya kuita wenzake. Mwaka 1969 wanakemia walizitambua kemikali nne zinazounda harufu hiyo, wakaitengeneza maabara. Unaweka harufu kwenye kikopo, fukusi anafuata akidhani kuna chakula na mwenzi. Kwa hiyo hawakupiga dawa kwa kubahatisha tena. Mtego ukiwa mtupu, shamba halipigwi. Mtego ukishika, linapigwa hilo tu, dawa ya malathioni kidogo sana kwa ekari. Kuanzia miaka ya 1980 walisogea jimbo baada ya jimbo, na kufikia 2009 majimbo yote yalikuwa yametangaza kumaliza kazi isipokuwa Texas. Mpaka leo yuko kwenye bonde la Rio Grande tu, kusini kabisa, kwa sababu ng'ambo ya mto, Tamaulipas, Mexico, bado anaendelea kuishi. Amerudishwa karibu na pale alipoingilia.

Miaka zaidi ya mia moja, wakuu. Brownsville 1892 hadi 2009.

#8 Bwanashamba Mstaafu

Mchunga, nakujibu na mimi. Faini wakati hujalipwa ni jambo baya na nalisikitikia, wala sitalitetea. Lakini kwa nini tunachoma hata kama fukusi hayupo? Kwa sababu ya funza wetu, kunguni mwekundu wa pamba, na magonjwa yanayobaki kwenye maotea. Pamba ukiiacha inachipua tena mvua za vuli zikigusa, na wadudu wanapata daraja la kuvukia kutoka msimu hadi msimu. Ng'ombe waingie kwanza wale majani, wiki moja au mbili, halafu miti ing'olewe. Tulikuwa tunakubaliana hivyo na vijiji vingi bila mgambo. Ukali ulikuja pale viongozi walipotaka takwimu badala ya kuzungumza na watu.

#9 Shamba la Mpeketoni

Assalam aleikum jamaa. Mimi niko Lamu, Kenya, huku bara ya Mpeketoni tunalima pamba. Sisi tangu 2020 tumeruhusiwa mbegu ya Bt, ile mmea wenyewe unamuua funza. Je, Wamarekani walimmaliza huyu fukusi kwa mbegu hiyo? Na akija huku, mbegu yetu itatukinga?

#10 Binti wa Entomolojia

Waaleikum salaam kaka. Nasoma wadudu, niko mwaka wa mwisho, naomba nijibu hili.

Hapana, na hapana. Protini za Bt zilizowekwa kwenye pamba zinalenga viwavi, yaani watoto wa nondo. Funza wa vitumba ni mtoto wa nondo. Fukusi ni mbawakavu, tumbo lake ni tofauti, anakula pamba ya Bt bila kudhurika. Kilichosaidia Marekani ni kwamba Bt ilipunguza kupiga dawa ya funza wakati programu ya fukusi inaendelea, hivyo mambo mawili yakabebana. Lakini mbegu peke yake isingemgusa.

Na swali la "akija huku" si la kufikirika, ndilo linaloninyima usingizi. Angalieni Brazil. Hakuwepo kule. Mwaka 1983 alionekana karibu na Campinas, jimbo la São Paulo. Kwa miaka michache akaenea hadi kaskazini mashariki, ambako wakulima wadogo walikuwa wanalima pamba ya miaka mingi, mti unaoachwa shambani msimu baada ya msimu. Mnaelewa maana yake? Fukusi alikuta nyumba iko wazi mwaka mzima. Kilimo kile cha wakulima wadogo kiliporomoka. Baadaye pamba ya Brazil ilihamia Mato Grosso, mashamba makubwa ya mashine, na leo nchi ile inauza pamba nje kwa wingi kuliko karibu wote, lakini fukusi bado ndiye adui yao namba moja na wanapiga dawa mara nyingi kila msimu. Sheria yao inaweka kipindi ambacho hairuhusiwi kuwa na mmea hai wa pamba shambani. Paraguay alifika 1991, Argentina 1993.

Sisi nasi tuna mfano wetu wa kuzuia mdudu kwa ardhi. Mikoa ya kusini mwa Tanzania ilipigwa marufuku kulima pamba, ili funza mwekundu aliyeko kusini mwa Afrika asipate ngazi ya kupandia hadi Kanda ya Ziwa. Watu wa kusini hulalamika, na wana haki ya kuuliza. Lakini eneo lile tupu lisilo na pamba liliwekwa kulinda kaya za Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita.

Naomba sana, wenye ndugu Brazil au Texas: usibebe mbegu ya pamba mfukoni, wala pamba isiyochambuliwa kama zawadi. Huyo mdudu anaweza kukaa ndani ya kitumba kilichokauka.

#11 Kidumu

Msafiri hujatuambia sanamu. Nani anamjengea sanamu mwizi?

#12 Msafiri wa Malampaka

Samahani, nilikuwa barabarani siku mbili.

Fukusi alipofika Coffee County, ambako ndiko uliko mji wa Enterprise, wakulima walikuwa wanajua pamba tu. Benki zilikuwa zinakopesha pamba tu. Mwaka 1916 mfanyabiashara mmoja aitwaye H. M. Sessions alimshawishi mkulima mwenye madeni, C. W. Baston, apande karanga. Mavuno ya kwanza yakalipa madeni, na waliokimbilia kununua walikuwa wakulima wenzao waliotaka mbegu. Mwaka uliofuata wilaya ile ilivuna karanga zaidi ya busheli milioni moja. Tarehe 11 Desemba 1919 wakazindua sanamu, kwenda juu zaidi ya futi 13, na kibao kinachomshukuru fukusi kwa kuwaletea neema. Mwanzoni mwanamke alishika chemchemi tu. Mdudu mwenyewe aliwekwa juu ya kichwa chake mwaka 1949. Ile ya asili iliharibiwa na wahuni mwaka 1998, iliyopo mtaani sasa ni nakala.

Nimeipenda sanamu, lakini kuna watu haikuwataja na moyo wangu uko kwao zaidi.

Waliokuwa wanainama kwenye pamba ile wengi walikuwa watu Weusi, watoto na wajukuu wa watumwa. Hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri kwa kugawana mavuno, na mbegu, unga na nguo walikopa dukani kwa tajiri huyohuyo. Mwisho wa mwaka hesabu inapigwa na mwenye duka. Fukusi alipokula mavuno, tajiri alibaki na ardhi, aliyelima alibaki na deni. Karanga zilihitaji mikono michache na mkopo mpya, na mkopo hakupewa yeye. Wengi wakafunga vifurushi wakapanda treni kwenda Chicago, Detroit, Cleveland. Fukusi hakuwa sababu pekee. Kulikuwa na watu kunyongwa mitini bila kesi, kulikuwa na mshahara wa viwandani wakati wa vita. Lakini alikuwa mmoja wa waliowasukuma mlangoni. Kati ya 1910 na 1970 watu kama milioni 6 walihama kusini.

Profesa wa Tuskegee, George Washington Carver, aliyezaliwa mtumwani, alikuwa akihimiza karanga, kunde na viazi vitamu miaka mingi kabla ya sanamu, hasa kwa sababu pamba ilikuwa imechosha udongo. Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha kulima karanga chenye njia 105 za kuzipika. Aliwaandikia wale wasio na kitu. Mimi ningekuwa na uwezo ningeweka jina lake pale chini ya yule mama.

Nakumbuka msimu mmoja nikiwa darasa la sita, dawa za mkopo zilichelewa kufika kijijini, zikaja funza wameshamaliza. Makato kwenye malipo yakabaki palepale. Baba alikaa nje usiku kucha na redio imezimwa. Nilipokuwa nasoma habari za hao wa Alabama, ndiye niliyemwona.

#13 Mchunga Ng'ombe

Hapo umenigusa ndugu yangu. Hata mimi makato ya dawa ambayo sikuitumia nayajua.

Sijaacha hoja yangu ya kuni. Ila hii habari ya jirani mmoja kuwanenepesha wadudu wa wote nimeielewa. Nitakaa na wenzangu wa kitongoji tupange ng'ombe waingie lini na miti ing'olewe lini. Mzee Bwanashamba, ukipita huku karibu nyumbani, maziwa yapo.

#14 Bwanashamba Mstaafu

Nitapita, Mungu akipenda. Siku hizi napanda bodaboda, magoti hayataki baiskeli.

#15 Ng'wana Meatu

Wakuu, narudi na ripoti. Pamba yangu iko kwenye maua sasa. Jana nimeingia shambani na mwanangu wa darasa la nne, tukaokota matumba yaliyoanguka chini ya mistari mitano. Tumepata 63. Tukayapasua yote kwa wembe juu ya gunia.

Mengi yalikuwa matupu, nadhani ni ukame wa zile wiki mbili. Kumi na saba yalikuwa na tundu na kinyesi. Manane yalikuwa na mdudu hai ndani. Nimeshtuka, sikuwahi kupasua tumba maishani mwangu, nilikuwa naangalia juu ya jani tu. Mwanangu anauliza ndiye yule wa Amerika? Nimjibu nini?

#16 Binti wa Entomolojia

Kaka, hongera sana kwa kazi hiyo, mpe mtoto pongezi zangu. Chukua lenzi au kamera ya simu, uvute karibu. Angalia nyuma tu ya kichwa. Kuna miguu?

#17 Ng'wana Meatu

Tumeangalia. Mwanangu amehesabu. Mbele ipo sita midogo, na katikati kuna mingine minene kama vifundo. Na anatembea, alitaka kutoroka kwenye gunia.

#18 Binti wa Entomolojia

Basi ni funza wetu wa vitumba. Fukusi angekuwa amejikunja, hana mguu, hawezi kwenda popote. Wahesabu waliomo juu ya miche pia, miche 30 ukipita kwa mshazari shambani, kabla hujashika bomba. Halafu tuletee hesabu hapahapa.

#19 Ng'wana Meatu

Sawa dada. Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Mtoto anasema wembe atashika yeye, nimemkatalia.